Shilingi kwa Shilingi: Ukitoka Dar Kwenda Kenya, Hela Ubadilishie Wapi?

Swali hili huwa ninaulizwa na mtu ambaye tiketi ameshakata. Yuko stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, alfajiri, ana laki tano mfukoni na bado hajaamua. Asubiri abadilishie mpakani, Namanga? Amtumie shemeji yake aliyeko Nairobi kwa simu? Aende na kadi ya benki tu? Au angebadilisha Dar? Saa hiyo maduka ya kubadilishia fedha yamefungwa, kwa hiyo jibu moja limeshajiondoa lenyewe.

Njia zote nne nimezipita. Dada yangu ameolewa Nairobi, na mimi hufuata mzigo wa vitambaa Eastleigh mara tatu nne kwa mwaka. Kila njia imewahi kunifaa, na kila njia imewahi kunila hela.

Upime kwa vitu gani

Watu huanza na kiwango kilichoandikwa ubaoni. Mimi naanza na shilingi ngapi za Kenya zitakazotua mkononi, maana ubao una bei mbili: ya kununua na ya kuuza. Duka linanunua shilingi ya Kenya kutoka kwako kwa bei ya chini, linakuuzia kwa bei ya juu, na ulaji wao uko hapo katikati.

Tuchukue namba za mfano, si za leo. Ubao unasema kununua 18.5, kuuza 21. Laki tano ukigawa kwa 21 unapata kama 23,800 za Kenya. Safari ikivunjika, ukarudi dukani mchana uleule na hela ileile, watakupa 18.5 kwa kila moja, yaani 440,300. Karibu elfu sitini imeyeyuka na hata soda hujanywa. Zoezi hilo la kwenda na kurudi lifanye kichwani kabla ya kufungua pochi, popote pale. Pengo likiwa dogo, bei ni ya haki. Likiwa kubwa, hata wakikwambia hawakati ada, ada umeshalipa.

Kitu cha pili ni makato yanayokuja pembeni: ya kutuma, ya kutoa, ya benki mbili zinazosalimiana. Cha tatu ni usalama pamoja na sheria, maana Tanzania biashara ya kubadilisha fedha inahitaji leseni ya Benki Kuu. Cha nne ni muda. Cha tano, ambacho wengi husahau, ni kama hela utakayoipata inatumika kirahisi unakokwenda. Nairobi ya leo, kondakta wa matatu na mama mboga wanalipwa kwa simu. Noti ya elfu moja asubuhi na mapema itakuletea ugomvi wa chenji.

Kuna mtego mmoja wa hesabu. Kwa kuwa bei inatajwa kwa idadi ya shilingi zetu kwa shilingi moja ya Kenya, wewe unayetoka na za Tanzania unatafuta namba ndogo. Ukiwa unarudi na za Kenya, unatafuta namba kubwa. Kijana wa Namanga akikwambia "mama, nakupa ishirini na moja, hupati popote", kwanza jiulize uko upande gani wa safari kabla hujafurahi.

Kwa nini moja inavuta ishirini

Ukimwambia kijana wa leo kwamba shilingi hizi mbili ziliwahi kuwa sawa kwa sawa, anadhani ni hadithi za babu. Zilikuwa sawa, tena kwa muda mrefu.

Kabla yake upande wetu ulitumia rupia ya Wajerumani. Neno "pesa" lenyewe lilikuwa jina la sarafu: rupia moja ilikuwa pesa 64, hadi mwaka 1904 ilipogawanywa upya kuwa heller 100. Mwaka 1916, vita vimewabana, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 Tabora, zenye picha ya tembo. Leo wakusanyaji wanazitafuta kwa tochi. Upande wa Kenya walikuwa na rupia ya India. Waingereza walipozishika nchi zote mbili waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, wakajaribu florini mwaka 1920, halafu 1921 ikaja shilingi. Zanzibar iliacha rupia yake na kujiunga mwaka 1936. Ndiyo maana hadi leo Dar, Nairobi na Kampala wanahesabu kwa jina moja.

Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa noti zake, Tanzania mwezi Juni, Kenya Septemba. Dola moja ilikuwa shilingi 7.14 huku na kule. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983. Kwetu ikaja Vita vya Kagera, mafuta yakapanda, fedha za kigeni zikakauka, na serikali ikaendelea kushikilia kiwango rasmi ambacho mtaani hakuna aliyekiamini. Kamba ilipolegezwa, hasa kuanzia 1986 wakati wa Mzee Mwinyi, shilingi ilishuka kwa kasi. Kufikia 1991 dola ilikuwa imepita shilingi 200 Tanzania, na Kenya ilikuwa bado haijafika 30. Kenya nayo ilianguka vibaya mwaka 1993, lakini pengo lilikuwa limeshachimbwa.

Kwa hiyo hiyo ishirini ni alama ya kidonda cha miaka kumi na kitu, na haikwambii leo nani ana uchumi imara. Wala haijasimama. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, na shilingi moja ya Kenya ukiipata kwa kama 16 za kwetu. Ilipofika Aprili, hofu ya deni lao la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni ilikuwa imepungua, shilingi yao imeinuka, na moja inakaribia 20. Laki tano ya Januari ilikupa 31,000 na zaidi. Ya Aprili, kama 25,000. Hakuna ujanja wa kuchagua duka unaoweza kufidia tofauti ya namna hiyo. Sarafu moja ya Jumuiya ingemaliza maneno haya yote, na itifaki yake ilisainiwa Kampala Novemba 2013, ikilenga 2024. Sasa wanasema 2031.

Duka la kubadilishia fedha, hapa hapa Dar

*Utakachopata mkononi.* Kwa dola, pengo kati ya kununua na kuuza huwa jembamba kwa sababu wateja ni wengi. Kwa shilingi ya Kenya huwa pana. Duka linakaa na noti ambazo huenda zisipate mtu kwa wiki nzima, na gharama hiyo unaibeba wewe. Mtaa wa Samora au Kariakoo, bei za duka na duka hupishana, hivyo tembea, na ukiwa na kiasi kikubwa omba bei. Nimeshaomba mara nyingi na sijawahi kufukuzwa.

Wapo wanaopitia dola, na hesabu yao si ya kijinga. Tuseme dola unauziwa 2,640: laki tano inakupa dola 189. Nairobi unaziuza kwa 128, unapata karibu 24,200, zaidi ya zile 23,800 za kubadilisha moja kwa moja. Lakini dola 189 hazipo kwa noti moja. Utapewa ya mia na vipande, na vipande vidogo pamoja na noti za miaka ya nyuma hukatwa bei kwenye maduka mengi. Kwa laki tano, faida hiyo inaweza kuishia kwenye noti moja iliyochanika pembeni. Kwa milioni tano, hesabu inabadilika.

*Usalama.* Hapa ndipo duka linapojibu. Unatoa kitambulisho, unapata risiti, noti zinapita kwenye mashine mbele yako. Tangu msako wa maduka haya Arusha mwishoni mwa 2018 na wa Dar mwaka uliofuata, yalipungua na masharti ya leseni yakakaza. Lililobaki wazi lina mengi ya kupoteza. Risiti itunze hadi safari iishe.

*Muda.* Saa za kazi. Na piga simu kwanza uulize kama za Kenya zipo, maana unaweza kuzunguka maduka matatu ukaambiwa "labda kesho, dada".

Linamfaa anayesafiri kwa ndege na anataka kushuka Nairobi akiwa na hela ya teksi, anayesafiri na wazazi au watoto, na mtu yeyote asiyependa kuhesabu hela mbele ya watu asiowajua. Linamfaa kidogo tu mwenye kiasi kikubwa cha kugeuza moja kwa moja kuwa shilingi za Kenya.

Namanga, kwa vijana wa mpakani

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapotapeliwa na ndipo pia bei inapoweza kuwa nzuri kuliko kote.

*Utakachopata mkononi.* Mpakani shilingi zote mbili zinazunguka kutwa. Mwenye lori la vitunguu anashuka na za Kenya, abiria wa Dar anapanda na za Tanzania, na anayekaa katikati halazi mzigo. Ndiyo maana pengo lake linaweza kuwa jembamba. Laki tano kwa 20.5 inakupa kama 24,390, na mara nyingi ukikaza shingo wanashuka kidogo tena. Horohoro kwa wanaokwenda Mombasa, na Sirari kwa wa kanda ya ziwa, hali ni hiyohiyo.

*Usalama.* Wengi wao hawana leseni, kwa hiyo unachofanya hakina ulinzi wa sheria. Ukiibiwa huna pa kulalamika bila kujieleza wewe kwanza. Mwaka mmoja nilibadilisha laki nne nikiwa mguu ndani mguu nje, basi linaita. Kijana akahesabu mbele yangu, safi kabisa, noti za mia tano mia tano. Akaniambia, "Dada, subiri nihakikishe tena," akazichukua, akazirudisha. Nilipofika Kajiado nikagundua noti kadhaa zimekunjwa katikati. Kila moja ilihesabiwa mara mbili. Kuanzia siku hiyo, hela ikishaingia mkononi mwangu haitoki tena kwa sababu yoyote, hata ya kuhakikisha.

Kikokotoo chake usikiamini, tumia cha simu yako. Zako usitoe kabla hujazipokea na kuzihesabu zake. Na jifunze majina: kwao elfu moja ni *thao*, mia ni *soo*, ishirini ni *mbao*. Ukisimama pale unasema "buku" na "jero", umeshajitambulisha kuwa mgeni.

*Muda.* Dakika mbili, na hilo ndilo tatizo. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Desemba 2018 kimefupisha mambo ya pasi. Unagonga muhuri wa kutoka na wa kuingia sehemu moja. Basi halisubiri sana. Haraka yako ndiyo mtaji wa yule kijana.

Panamfaa mzoefu mwenye mtu wake anayemfahamu, na mwenye kiasi kidogo cha chakula cha njiani. Msafiri wa mara ya kwanza anayebeba ada ya shule ya mtoto, hapana. Namanga nako zipo huduma zenye leseni, na kutembea dakika tano hadi kwenye kaunta kunaweza kukuokolea mengi, kama dereva ataelewa.

Simu

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaja Tanzania 2008, na tangu 2015 unaweza kutuma kutoka laini ya Vodacom ya hapa kwenda laini ya Safaricom ya kule, ikabadilishwa njiani. Mitandao mingine nayo imefungua njia zake.

*Utakachopata mkononi.* Uzuri wake ni kwamba kabla hujaweka namba ya siri unaonyeshwa kiwango na kiasi atakachopokea mwenzako. Chukua jumla yote inayotoka kwako, pamoja na makato, igawe kwa shilingi za Kenya anazopata. Jibu ndilo kiwango chako halisi, na ndicho cha kulinganisha na duka. Usisahau kwamba mpokeaji akienda kwa wakala kuitoa atakatwa tena. Asipoitoa, akailipia moja kwa moja dukani, umepona.

*Usalama.* Hakuna noti bandia wala za kukunjwa. Hatari iko kwenye kidole: ukikosea tarakimu moja, hela imevuka mpaka, na kuirudisha kunahusisha kampuni mbili na mtu asiyekujua. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Mimi hutuma shilingi chache kwanza kama namba ni mpya.

*Muda.* Papo hapo, usiku wa manane au sikukuu. Kuna ukomo wa kiasi kwa siku, hivyo kwa mzigo mkubwa itabidi ugawanye.

Njia hii ni ya kumtumia mtu mwingine: mama mkwe, fundi, muuza vitambaa anayetaka malipo ya awali. Kwako mwenyewe unayesafiri haifai vilevile, kwa sababu wakala wa Nairobi hatakutolea hela kwenye laini ya Tanzania kama anavyofanya wakala wa Sinza. Dawa yake ni kusajili laini ya Kenya kwa pasipoti ukifika, ujitumie humo, uishi kama wenyeji. Mimi ninayo tangu zamani, na matatu sijagombana nao tena.

Benki na kadi

*Utakachopata mkononi.* Kadi yako ya Dar inaweza kutoa shilingi za Kenya kwenye mashine ya Nairobi, kwa kiwango cha mtandao wa kadi pamoja na makato ya benki. Sehemu ya makato ni ya kudumu kwa kila muamala, kwa hiyo toa mara moja kiasi cha siku kadhaa, badala ya kudonoa kila jioni. Mashine ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi za Tanzania au za Kenya, chagua za Kenya. Ukichagua za kwako kwa kuwa unazielewa, umeruhusu mashine ikupangie kiwango, na huwa haipangi kwa huruma.

Kuhamisha kutoka akaunti kwenda akaunti kunafaa kwa kiasi kikubwa. Upo mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaounganisha benki kuu, unaoruhusu kulipana kwa sarafu zetu bila kupitia dola, ila ofisa wa kaunta asipoutaja, utaje wewe. KCB na Equity zipo nchi zote mbili, na wenye akaunti pande zote huulizia hapo kwanza. Kiwango cha benki kwa kiasi kikubwa kinajadiliwa, na sharti umuone mtu wa fedha za kigeni, siyo wa dirishani.

*Usalama.* Wa juu kuliko zote, mradi kadi isimezwe. Ijulishe benki unasafiri, vinginevyo inaweza kufungwa ukiwa kwenye foleni. *Muda:* mashine ni dakika, uhamisho ni siku ya kazi au zaidi, na fomu.

Panamfaa mfanyabiashara, mwanafunzi anayelipiwa ada, na anayekaa zaidi ya wiki. Anayekwenda harusi siku mbili atalipia makato yasiyo na sababu.

Kwa hali yako sasa

Kama unakwenda siku mbili tatu na una chini ya laki tano, badilisha kidogo dukani Dar, za kufikia tu, nyingine ziache kwenye simu au kadi. Tofauti ya bei kwa kiasi hicho ni hela ya chipsi mayai; usiihatarishie usiku wako.

Kama unafuata mzigo, usibebe hela mwilini eti kwa sababu umezoea. Muuzaji mwenye akaunti mlipe kwa benki, mwenye simu mlipe kwa simu, wewe ubaki na za njiani. Na ukibeba taslimu zinazofikia dola 10,000 au thamani yake, zitangaze mpakani.

Kama unatuma tu kila mwezi kwa ndugu, usiweke mazoea ya njia moja. Mara moja kwa miezi mitatu fanya ile hesabu ya jumla uliyotoa gawa kwa alichopokea ndugu, kwa mitandao miwili na benki moja. Mimi nilikaa mwaka mzima kwenye njia ghali kwa uvivu wa kubonyeza menyu.

Kama ni wewe unayekuja Dar na shilingi za Kenya, fahamu kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, hivyo noti zako hazitakulipia chumba wala bajaji. Geuza kiasi mpakani kwenye kaunta yenye leseni, kingine jitumie.

Na kwa anayerudi: sarafu za Kenya zimalize kabla ya Namanga, nunua maji, nunua njugu, maana Dar sijapata duka linalozipokea. Usidanganywe na wanyama. Tembo wao yuko kwenye sarafu ya 20, kama mia nne ya kwetu. Tembo wetu yuko kwenye msimbazi, noti ya elfu kumi. Ukiona ndani ya kabati noti ya zamani ya elfu moja ya Kenya, ile yenye sura ya Mzee Kenyatta, usimpelekee mtu akubadilishie. Ilikufa tarehe 30 Septemba 2019. Na noti zetu za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ya mia tano ya 2010, muda wake wa kubadilishwa uliisha Aprili 2025, kwa hiyo ukipewa moja mpakani kama chenji, mrudishie palepale kabla basi halijaita.